Kinywa Kikavu

Mwaka jana daktari aliniandikia amitriptilini kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Maumivu yalitulia, ila kinywa kilikauka, na wanafunzi wangu hapa Kampala wakawa wanageuza nyuso kila nilipoinama kusahihisha madaftari yao. Kwa aibu, nilikusudia kuziacha dawa kimyakimya.

Siku moja mwanafunzi mmoja alisubiri wenzake watoke, akasema kwa upole: “Samahani, mwalimu, pumzi yako imebadilika. Je, unaumwa?”

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilirudi kwa daktari. Alinieleza kwamba mate huosha kinywa. Dawa ile huyapunguza, nao bakteria huzaliana na kutoa harufu. Baadhi ya dawa za mzio na za shinikizo la damu pia hukausha kinywa. Alinipunguzia kipimo, akanishauri ninywe maji mara kwa mara, nitafune ubani usio na sukari, na nisugue ulimi pamoja na meno.

Wanangu, kuuliza kuhusu madhara ya dawa ni haki ya mgonjwa. Msiache dawa kabla ya kuuliza. Na mwenzenu akinuka kinywa, msimcheke. Mwiteni kando, mmwambie kwa staha, kama nilivyoambiwa mimi.