Fundo Mlangoni mwa Jeni

Sisi tufundishao elimu ya viumbe tumezoea kuchora ubaoni umbo la DNA kama walivyolieleza Watson na Crick huko Cambridge mwaka 1953, yaani nyuzi mbili zilizosokotana mithili ya kamba ya usumba. Watoto huipenda picha hiyo, nasi twaipenda kwa kuwa ni nyepesi kuchorwa. Lakini kamba iliyomo ndani ya seli haikai hivyo sikuzote. Pengine hujikunja, na mkunjo mmoja ndio tutakaousimulia hapa, maana wataalamu wautazamia kuwa njia ya kuishika saratani.

Herufi za DNA, kama wasomaji wajuavyo, ni nne: adenini, timini, sitosini na guanini. Mwaka 1962 Gellert, Lipsett na Davies walionyesha kwamba guanini nne zaweza kushikana zikafanya mraba, mfano wa wazee wanne waliozunguka sinia moja. Penye guanini nyingi zilizofuatana, uzi mmoja huachana na mwenziwe, ukajikunja wenyewe. Miraba ikapandana, na chembe za potasiamu zikakaa katikati kuishikiza. Twaliita fundo la nyuzi nne, ingawa mara nyingi uzi ni ule ule mmoja uliopita mara nne.

Mafundo haya yaelekea kutokea hasa kwenye promota, ndio mlango wa jeni, pale seli inapoanzia kuisoma. Jeni iliyochunguzwa sana kwa ajili ya jambo hili huitwa MYC, nayo huiamuru seli ikue na kugawanyika. Ikisomwa kwa kiasi, mtoto hukua. Ikisomwa pasipo kikomo, uvimbe hukua. Mwaka 2002 Hurley na wenziwe, katika Arizona, Marekani, walitangaza kwamba fundo la mlangoni mwa MYC huzuia usomaji wake, na ya kuwa dawa ikilishikilia fundo lisifunguke, MYC hupungua.

Jambo hili haliko mbali nasi. Ile saratani ya taya za watoto, ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliiandika mwaka 1958, ni ugonjwa wa MYC hasa. Mwaka 1982 ilibainika kwamba kromosomu ya 8 hukatika, na kipande chenye MYC mara nyingi huungwa na kromosomu ya 14, karibu na jeni za kinga ambazo seli hizo huzisoma usiku na mchana. Basi MYC nayo husomwa vivyo hivyo.

Tulipata kuwa na mwanafunzi wa miaka saba aliyevimba taya, meno yakalegea. Mamaye alidhani ni ugonjwa wa jino. Hospitalini alitiwa dawa mshipani, na juma halikwisha kabla uvimbe haujanywea. Aliporudi hana nywele, wenziwe walimcheka siku moja. Siku ya pili waligombania awe upande wao katika mpira. Mamaye akatuuliza, “Mwalimu, hicho kilichoharibika ndani ya mwanangu, hakiwezi kufungwa kisirudi?” Tukamjibu, “Mama, wenye elimu bado wanalitafuta hilo.” Wala hatukusema hivyo kwa kumtuliza.

Katika kutafuta huko, ugonjwa huu wenyewe umewapa wataalamu kipimo. Ziko seli ziitwazo CA46, zilizotoka kwa mgonjwa wa saratani ya Burkitt, ambazo kromosomu ilipokatika, MYC ilihama ikaacha fundo lake nyuma. Dawa ikiipunguza hata MYC isiyo na fundo, ni dhahiri kwamba yapita njia nyingine. Kwa kipimo hiki, kilichotangazwa mwaka 2011, dawa iitwayo GQC-05 ilionekana kufanya kazi kwa fundo lenyewe. Twaona hiyo ni akili kubwa: kumshitaki mlango mahali ambapo mlango haupo.

Hata hivyo shida zimebaki, nayo iliyo kubwa ni wingi wa milango. Mwaka 2005 ilihesabiwa kwamba ndani ya DNA ya mtu mna mahali zaidi ya 300,000 pawezapo kujikunja hivyo. Dawa itajuaje mlango mmoja kati ya hiyo? Tena uchunguzi wa Cambridge wa mwaka 2016 uliyakuta mafundo hata penye jeni zisomwazo sana, kwa hiyo si kila fundo ni komeo.

Dawa ya namna hii haijafika katika maduka. CX-5461, ambayo huyashikiza mafundo bila kuchagua mlango wa MYC peke yake, imejaribiwa kwa wagonjwa huko Kanada, na habari zake zilitolewa mwaka 2022. Baadhi yao walipata nafuu, hasa wale ambao seli za uvimbe wao zilikuwa na upungufu katika kutengeneza DNA iliyovunjika. Lakini ngozi zao ziliungua upesi kwa mwanga wa jua, nalo ni jambo ambalo daktari atakayeileta dawa hiyo kwetu, chini ya ikweta, itampasa kulitafutia dawa yake kwanza.