Uwanja wa Korti, Dandora

Korti ya Dandora ni kundi la nyumba zilizozunguka uwanja mmoja mdogo. Mpangilio huo ulitokana na mradi wa mwaka 1975, Benki ya Dunia ilipokubali kugharimia ploti zipatazo 6,000 upande wa mashariki wa Nairobi. Aliyepewa ploti alikuta choo na bafu, pengine na chumba kimoja. Vilivyobaki alijijengea mwenyewe kadiri mfuko ulivyoruhusu. Ploti zilikuwa za mita za mraba 100 hadi 160, kwa hiyo uwanja wa katikati ndio uliokuwa sebule ya kila mtu.

Waliokulia pale miaka ya themanini wanaukumbuka kwa michezo, si kwa vifaa. Bembea zilikuwa haba. Wasichana waliruka blada, wavulana walichimba vishimo vya bano (gololi), na jioni kati, mchezo wa kukwepa mpira, ilichezwa hadi giza lilipoufunika mpira, ambao nao ulikuwa majuala yaliyokazwa kwa kamba. Mtoto aliyekosea alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu, kisha akafika kwao akaongezwa. Hakuna aliyeuliza uwanja ni wa nani.

Swali hilo ndilo lililokuja kuugharimu. Kwenye makaratasi ulikuwa wa umma, na usafi wake ulikuwa juu ya baraza la jiji. Vyumba vilipogeuka maghorofa ya kupangisha, watu wakazidi na lori la taka likawa halionekani. Uwanja ukawa maegesho usiku na jalala mchana, na hilo katika mtaa unaopakana na dampo kuu la jiji, lililotangazwa kujaa mwaka 2001. Kwingineko Nairobi viwanja vilinyakuliwa kabisa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, ya mwaka 2004, inaeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi. Korti nyingi zilinusurika kwa sababu zilikuwa ndogo mno kumtamanisha mnyakuzi. Hata hivyo wazazi waliwafungia watoto ndani, kwa kuhofia vioo na vijana wa base, yaani wa kijiweni.

Mageuzi yalianza katikati ya muongo wa 2010, na walioyaanzisha ni hao hao vijana. Katika korti iliyojulikana kama Mustard Seed walizoa taka, wakapaka kuta rangi, wakapanda miti na kugeuza tairi kuukuu kuwa viti na vyombo vya kuchezea. Kundi la Dandora Transformation League likaupeleka mfano huo kwenye korti nyingine kwa njia ya mashindano, kila korti ikitaka kuipiku jirani yake. Wivu wa majirani ulifanya kazi ambayo mabango ya usafi hayakuwahi kuifanya.

Shirika la UN-Habitat, lenye makao yake Gigiri, nalo lilikuwa likitumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft ili wakazi wachore wenyewe maeneo yao. Majaribio yalianzia uwanja wa Silanga, Kibera, mwaka 2012, na baadaye njia hiyo ikafika Dandora. Faida yake ni kwamba asiyejua kusoma ramani anaweza kuhamisha benchi kwenye skrini. Lakini chokaa nayo hutosha: mstari ukichorwa ardhini, mama ataonyesha papo hapo kwamba bembea imewekwa penye kamba za nguo, na mtoto atasema slaidi ya bati huunguza mapaja saa saba mchana. Mambo hayo hayamo katika mchoro wa ofisini. Mkutano wa wakazi wa kuchora uwanja sharti uwe Jumapili alasiri, la sivyo watakaokuja ni wasio na kibarua.

Ugumu mkubwa ni baina ya mwenye ploti na mpangaji. Mwenye ploti ana sauti, ila mara nyingi haishi hapo. Mpangaji ndiye mwenye watoto uwanjani, naye anaweza kuhama mwisho wa mwezi. Kisha kuna mpira wa miguu, unaomeza uwanja mzima usipowekewa saa zake, wasichana wakibaki kuegemea ukuta.

Tofauti kubwa kati ya uwanja wa zamani na wa sasa ni geti. Korti iliyorekebishwa huwekewa geti, na kila nyumba hutoa mchango wa mwezi kuwalipa vijana wanaofagia na kulinda. Bila mchango, rangi haidumu. Lakini geti hilo hilo humzuia mtoto wa korti ya pili, ambaye zamani angeingia tu akakaribishwa kwenye kati. Pale utaratibu uliposhika, mpangaji mpya huelezwa siku ya kuhamia habari za kodi, tokeni za stima, mchango wa korti, na saa ambayo geti hufungwa.