Arusha ya Asiyekwenda Popote

Arusha ni mji wa watu walio njiani. Mtalii hulala hapo usiku mmoja, alfajiri akapakiwa kwenye Land Cruiser kuelekea Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Mjumbe wa mkutano hushuka uwanja wa ndege wa KIA na tai yake shingoni, akaingia ukumbi wa mikutano wa AICC, akapiga makofi, akarudi KIA. Abiria wa basi hula chipsi mayai stendi, jicho moja kwenye sahani na jingine kwenye begi, kisha honi ikalia. Ndiyo maana wako watu chungu nzima waliofika Arusha mara nyingi na hawana la kukusimulia juu yake ila bei ya nauli.

Mimi nilikuwa natoka Tanga kwenda Mwanza kwa basi. Safari hiyo kiuno huijua vizuri kuliko macho: Segera, Mombo, Same, Moshi, na bado Babati, Singida, Nzega na Shinyanga vinakungoja mbele. Nilipoingia Arusha usiku, vumbi limenijaa hadi masikioni, nikaapa kwamba kesho yake sitapanda kitu chochote chenye magurudumu.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya kawaida, upande wa Sekei: ndala mbili za plastiki mlangoni, blanketi zito, na kibaraza kinachotazama migomba ya jirani. Asubuhi kijana wa mapokezi akanifungulia kitabu cha wageni kwa ajili ya usiku wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hapa kwenye utokako naandika Arusha. Na uendako?"

"Siendi popote."

Alinitazama kidogo, akacheka, akaandika Arusha tena. Basi nikawa msafiri halali anayetoka Arusha kwenda Arusha.

Sisi wa Pwani tunasemwa kwa uvivu, lakini uvivu wa Pwani una kazi yake. Unajipepea, unahama na kivuli, unafuta jasho, unatafuta upepo wa bahari ulipo. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hapo mtu anaweza kukaa bila kufanya lolote na mwili usimdai kitu. Mwezi wa saba baridi lake linauma kwelikweli. Utawaona waendesha bodaboda wamevaa makoti mazito na kofia za sufu chini ya helmeti. Nilijifunga shuka, nikavuta kiti kibarazani, nikaanza kuutazama Mlima Meru.

Mlima huu unataka mtu wa asubuhi. Saa moja unauona wote, kuanzia mashamba ya migomba na kahawa ya chini, ukanda wa msitu, hadi mwamba mtupu wa kileleni, zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari. Ikifika saa nne mawingu yameukalia, na mgeni aliyechelewa kuamka huambiwa "mlima uko pale", akaamini kwa imani tu. Ukiutazama kutoka mjini utadhani ni mzima, umechongoka vizuri pande zote. Zunguka upande wa mashariki, kule Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ndipo utaona kwamba ubavu mmoja haupo. Uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukamwaga mawe na tope mbali sana, na katika mabonde ya kifusi hicho yakakaa maji. Hayo ndiyo maziwa ya Momella wanakosimama heroe leo. Mara ya mwisho mlima ulitoa majivu mwaka 1910, kwa hiyo hauhesabiwi kuwa umekufa.

Wanaoupanda huanzia geti la Momella, wakachukua siku tatu au nne, na mbele yao hutangulia askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Kilele chake kinaitwa Socialist Peak. Nawaheshimu sana wapandaji. Pale kibarazani niliwaheshimu zaidi kila nilipoongeza chai.

Nasema chai kwa sababu kahawa ya hoteli ile ilikuwa ya unga wa kopo. Mji umezungukwa na mibuni, kahawa yake inasifiwa ng'ambo, halafu mgeni anawekewa kopo na kijiko! Nilinung'unika kwa heshima, mama wa jikoni akanihurumia, akaniletea bakuli la mtori. Hapo maneno yakaniisha. Mtori wa kweli ni ndizi mshare zilizopikwa na nyama hadi zikalainika, zikapondwa, zikalegezwa kwa supu ya mifupa. Haunywewi kwa haraka, na ukishaumaliza husimami kwa haraka vilevile.

Maji ya kunywa aliniletea ya chupa. Mlima uliowapa Waarusha na Wameru udongo mweusi na mifereji isiyokauka umewapa pia floraidi kutoka kwenye miamba yake ya volkeno, na maji ya sehemu nyingi yana kiasi kikubwa mno. Ndiyo sababu utakutana na wenyeji wengi wenye meno ya kahawia. Wao wenyewe hulifanyia utani jambo hilo, wakisema huo ndio utambulisho wao. Udongo huo huo ulileta ugomvi mkubwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Nilipoitazama migomba ile inavyometa baada ya manyunyu, sikushangaa mtu kuvuka bahari kwa ajili yake.

Adhuhuri dhamiri ilinisumbua kidogo. Nilikuwa nimejinyoosha katika mji ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha, likatangazwa Februari 5. Watu wanakumbuka Azimio kwa kutaifisha mabenki, wanasahau kwamba liliwasema pia wanaume wa vijijini, kwamba wako likizoni nusu ya maisha yao huku wanawake wakifanya kazi. Makumbusho ya Azimio yako Kaloleni, jirani na Mnara wa Mwenge, mwendo mfupi tu kutoka nilipokuwa. Niliufikiria mwendo huo. Kisha nikalala hadi saa tisa.

Lakini nadhani Arusha ina historia nyingine inayonitetea, nayo ni ya kuwaketisha watu. Makubaliano ya amani ya Rwanda yalitiwa saini hapa Agosti 4, 1993, ingawa damu ilikuja kumwagika baada yake, na mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo ya kimbari ikakaa hapa hapa kwa miaka. Ya Burundi yalisainiwa Agosti 28, 2000, Mandela akiwa mpatanishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina makao makuu yake hapa. Siwezi kusema ni baridi lililowaleta. Ninachojua ni kwamba mazungumzo ya miezi na miezi, Februari, ndani ya suti, ningependelea yafanyike Arusha kuliko Tanga.

Jioni nilitoka mara moja tu, kwa miguu, hadi Mnara wa Saa. Wenyeji hupenda kusema hapo ndipo nusu ya njia kati ya Cape Town na Cairo. Mwenye rula na ramani atabisha, ila hakuna anayemwuliza. Magari ya watalii yalikuwa yanarudi yamebadilika rangi kwa vumbi, na madalali wa tanzanaiti walikuwa bado wanaviziana na wateja. Nikaishia Barabara ya Msikiti kwa Khan, ambako mchana huuzwa vipuri vya magari na usiku huchomwa kuku na mishkaki. Nikala, nikarudi kulala tena.

Basi la Mwanza huondoka gizani, na safari ya Singida haimwonei huruma mtu. Kwa hiyo ukipita njia hiyo, lipia Arusha usiku wa pili. Omba chumba kinachotazama kaskazini, amka kabla ya saa mbili, uliza kama kuna mtori, na kama ni kati ya Juni na Agosti usithubutu kuacha sweta nyumbani.