Siku Moja kwa Miguu Katika George Town

Wahenga walituambia tembea uone. Hawakutuambia panda gari uone. Neno hilo lilinijia alfajiri moja nilipokuwa nimeegemea ukingo wa feri itokayo Butterworth, upande wa bara wa nchi ya Malaysia, kwenda mji wa George Town ulioko katika kisiwa cha Penang. Mfukoni nilikuwa na ramani, miguuni viatu vya raba, na mbele yangu siku moja tu, kwani jioni ilinipasa kurejea bara.

Siku moja kwa mji mzima! Ndugu msomaji, usicheke. George Town ya leo ni jiji lililotanuka sana, na mnara wake wa Komtar, wenye ghorofa 68, huonekana tangu ungali baharini. Lakini ule mji wa kale, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na mji wa Melaka, ni wa hekta 259 tu, ukihesabu na ukanda unaouzunguka. Kiini chake ni hekta 109. Mtu mwenye magoti mazima huukata toka ncha hadi ncha kwa muda usiozidi saa moja. Mji wa namna hiyo haukujengwa kwa ajili ya gari. Ulijengwa kwa kipimo cha mguu wa mtu.

Wamalei hukiita kisiwa hicho Pulau Pinang, yaani Kisiwa cha Mpopoo; ni popoo ile ile ambayo bibi zetu wa pwani huitafuna kwa tambuu. Mwaka 1786 Mwingereza Francis Light, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, alishuka hapo, akapandisha bendera na kuupa mji jina la mfalme wake, George wa Tatu. Sultani wa Kedah, mwenye kisiwa, alikuwa amekubali kwa matumaini ya kulindwa dhidi ya adui zake. Kampuni ikachukua kisiwa, ulinzi isiutoe. Sultani alipojaribu kukirudisha kwa nguvu mwaka 1791 alishindwa, akaambulia malipo ya riale 6,000 kwa mwaka. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa mikataba ya aina hiyo.

JUU YA MAJI

Kutoka kituo cha feri niligeukia kushoto nikafuata barabara ya gati, na baada ya dakika chache nikafika penye vijiji vilivyosimama baharini. Nyumba ni za mbao, zimejengwa juu ya nguzo, na mtaa wenyewe ni daraja la mbao linaloingia majini. Karibu kila daraja lina jina la ukoo: Chew, Lim, Tan, Lee. Walioanzisha vijiji hivyo katika karne ya 19 walikuwa Wachina wahamiaji, wapagazi na mabaharia wa mashua, waliojenga makazi yao pale pale ilipokuwa kazi yao. Mwaka 2006 madaraja mawili yalibomolewa kupisha majengo mapya. Yaliyosalia yaliingia katika eneo la urithi.

Nilifika Chew mapema, kabla ya wageni wengine. Mama mmoja alikuwa akifagia mbao za kibaraza chake, na taka zote zikaishia ndani ya chombo, si baharini. Udi ulifuka katika kimadhabahu kidogo mlangoni. Watoto wawili waliovaa sare za shule walipita mbio, na mbao zikalia chini ya viatu vyao kama ngoma. Penye milango kadhaa palibandikwa maandishi ya kuwaomba wageni wasipige picha za ndani. Nikaifunga kamera yangu. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, hata ikiwa urithi wa dunia nzima.

NJIA YA FUTI TANO

Kutoka gatini nilivuka barabara na kuingia mtaa wa Armenian. Hapa ndipo unapoanza mji wa nyumba za maduka. Kila nyumba ina uso mwembamba lakini imeingia ndani sana, na katikati yake kuna uwanja mdogo ulioachwa wazi juu ili upepo na mwanga viingie. Chini ni duka au karakana, juu ni makao ya familia. Mbele ya kila nyumba ghorofa ya juu imejitokeza na kufunika njia ya watu wa miguu. Njia hiyo Wamalei huiita kaki lima, yaani futi tano, kwa kuwa ndio upana wake uliokusudiwa. Jua likiwaka unapita kivulini. Mvua ikinyesha unapita mkavu. Ni pa kupita, ni pa kukaa, ni pa kufanyia kazi. Mtu wa Unguja au Lamu angeitazama akakumbuka baraza za kwao.

Katika mtaa huo, nyumba namba 120, Sun Yat-sen na wenziwe walipanga mwaka 1910 harakati zilizosababisha maasi ya Canton ya mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1910 walianzisha gazeti la Kwong Wah, ambalo lingali likichapishwa. Mwandishi wa habari hawezi kupita hapo bila kuvua kofia.

Hatua chache mbele ipo Khoo Kongsi, jumba la ukoo wa Khoo, lenye paa lililosheheni majoka na ndege wa kuchonga. Jumba lililotangulia liliungua mwaka 1901, na hili likakamilika mwaka 1906. Usidanganywe na dhahabu yake. Umoja wa ukoo ulikuwa kimbilio la mgeni aliyeshuka melini hana kitu: umtafutie pa kulala, umtafutie kazi, na akifa umzike. Upande wa pili upo msikiti wa mtaa wa Acheh, ulioasisiwa mwaka 1808 na Syed Hussain Al-Aidid, Mwarabu mwenye asili ya Hadhramaut. Wahadhrami ndugu zake walikwenda Sumatra na Penang kama walivyokuja Lamu na Unguja. Kwa miaka mingi mahujaji walikusanyika mtaani hapo kungoja meli za kwenda Jeddah.

WATOTO WA UKUTANI

Nilirudi mtaa wa Armenian nikakuta watu wamejipanga foleni. Nilidhani ni foleni ya mkate. Kumbe wanangoja zamu ya kupiga picha mbele ya ukuta, ambapo msanii wa Lithuania, Ernest Zacharevic, alichora mwaka 2012 watoto wawili wakiendesha baiskeli. Watoto ni wa rangi, baiskeli ni ya chuma kweli, imeshikizwa ukutani. Ni kazi nzuri, na inachekesha. Lakini nilipotazama mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, sikuona mtoto mwingine. Niliona mikahawa, nyumba za kulala wageni na maduka ya kumbukumbu. Watoto wako wapi?

Jibu nililipata katika mkahawa wa pembeni, kwa mzee mmoja wa Kichina, fundi seremala, ambaye vijana humwita Ah Pek, yaani baba mkubwa. Kijana mmoja alitufasiria. Mzee alizaliwa ghorofani katika mtaa wa jirani, na alifanya kazi yake chini ya chumba alichozaliwa. Kwa miaka mingi kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, kwani sheria ya Malaysia ilizuia kupandisha kodi za nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1948. Bunge liliifuta sheria hiyo mwaka 1997, na kuanzia Januari 1, 2000, wenye nyumba wakawa huru kudai watakacho. Mzee hakuweza kulipa. Alihamia ghorofa za nje ya mji, na sasa huja kwa basi kila asubuhi kunywa kahawa na wenzake waliosalia. Kahawa, alisema, ndiyo kodi pekee aimudu mtaani hapo.

Hakuwa peke yake. Familia nyingi ziliondoka mjini katika miaka hiyo. Nyumba nyingine zikabaki tupu. Nyingine zikageuzwa mazizi ya mbayuwayu ambao viota vyao huuzwa kwa bei kubwa kwa supu, hadi serikali ilipoagiza ndege hao waondolewe katika eneo la urithi.

Haki lazima isemwe pande zote. Kodi ile ndogo ilikuwa na ila yake: mwenye nyumba asiyepata kitu hakuona sababu ya kuziba paa, na kuta nyingi ziliota majani. Lakini kodi hiyo hiyo ndiyo iliyoziokoa nyumba zisibomolewe, na ndiyo iliyomweka fundi karibu na zana zake, na mtoto karibu na shule yake. Ilipofutwa, aliyeumia kwanza hakuwa ukuta, alikuwa mpangaji.

DINI NNE, NJIA MOJA

Adhuhuri nilifuata mtaa wa Masjid Kapitan Keling kuelekea kaskazini. Kwanza ni msikiti wenye jina hilo hilo, ulioasisiwa na Waislamu wa kutoka India mwaka 1801. Nyuma kidogo, katika mtaa wa Queen, ni hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman la mwaka 1833, penye harufu ya asumini. Mbele ni hekalu la Wachina la Mungu wa Huruma, lililojaa moshi wa udi, na mwisho kabisa ni kanisa la Mtakatifu George la mwaka 1818, jeupe, lenye nguzo kubwa. Kutoka la kwanza hadi la mwisho haifiki kilomita moja.

Lugha nayo ilinichekesha njiani. Wamalei husalimiana "Apa khabar?" na jibu lake ni habari njema. Dunia kwao ni dunia, na bendera ni bendera. Kanisa huliita gereja, neno waliloachiwa na Wareno. Neno hilo hilo la Kireno ndilo wataalamu wanalosema limezaa neno letu gereza. Wareno walipita kote kuwili. Wenzetu wakabaki na kanisa, sisi tukabaki na jela.

Nilikula nasi kandar, wali kwa mchuzi wa samaki na bamia. Chakula hicho kilipata jina kutokana na mzegazega ambao wachuuzi Waislamu wa Kihindi waliubeba begani, sufuria upande huu na upande huu, wakiwauzia wafanyakazi wa bandari. Hata mlo wa mji huu ulianza kwa miguu.

JIONI UFUKWENI

Magharibi ilinikuta kwenye uwanja wa pwani, kando ya ngome ya Cornwallis. Ngome hiyo haikuwahi kupiganiwa vita, na mizinga yake sasa hupandwa na watoto. Ndiyo, watoto! Familia zilikuwa zimekuja kupunga upepo, zimetandika mikeka, zimefungua vyombo vya chakula. Nyingi zilikuja kwa gari na pikipiki, na giza lilipoingia zikakunja mikeka kurudi kwenye ghorofa za mbali.

Nilirejea kwa miguu hadi kwenye feri, nikiwaza. Katika siku moja nilikuwa nimeuona mji wote, na huo ndio uzuri wake. Mji unaopitika kwa miguu ni mji ambao mtu aliweza kukaa, kufanya kazi, kusali na kununua mboga bila kulipa nauli. Siri haikuwa katika matofali. Ilikuwa katika ukaribu wa watu hao. Nasi tunayo miji mikongwe pwani, na Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ile ile tangu mwaka 2000. Tunapohesabu nyumba zilizopakwa chokaa upya, tuhesabu pia wapangaji waliobaki ndani yake.

Feri ilipoondoka, taa za Chew zilikuwa zimewaka juu ya maji. Kule angalau, nilijua, wale watoto wawili wa shule walikuwa wamerudi nyumbani.