MOTO NI WA BWANA, MAJIVU NI YETU



Wengi mmeniuliza kuhusu lile jiko kubwa la chuma lililowekwa kwenye kibanda nyuma ya kanisa. Ni jiko la kuni lililotumika, tulilonunua kutoka shule moja iliyohamia kwenye gesi. Leo nataka ujue linavyofanya kazi, kwa maana lina neno kwa ajili yako.

Tuanze na moshi. Mama anayekupikia chai ya kesha na maharagwe ya mkutano amekuwa akiinama juu ya mafiga matatu. Moshi unamwingia machoni na kifuani. Anakohoa wiki nzima, na Jumapili anakuja mbele kuombewa. Mpendwa, mimi naamini uponyaji kwa moyo wangu wote, na wagonjwa nitaendelea kuwawekea mikono. Lakini ukimwombea mama Jumapili kisha umrudishe kwenye moshi Jumatatu, umemsaidia nini? Kikohozi cha moshi kinataka maombi, na kinataka bomba pia.

Jiko lililotumika halinunuliwi kwa kuangalia rangi. Fundi wetu aliingiza tochi ndani akatafuta nyufa kwenye matofali ya moto, akagusa wavu unaobeba kuni kuona kama umeliwa na kutu. Yaliyopasuka yakabadilishwa. Bomba likapandishwa wima mpaka likapita kilele cha paa, kwa sababu likiishia chini ya hapo upepo huurudisha moshi jikoni. Mahali linapopenya paa, mbao zimewekwa mbali nalo zisije zikashika moto.

Sasa sikia siri ya kulitawala. Watu hudhani moto unaongozwa kwa kuni. Unaongozwa kwa hewa. Chini kuna mlango mdogo: ukiufungua, moto unapanda; maharagwe yakishachemka, unaurudisha kidogo na moto unatulia. Ukijaza kuni mahali hewa haipiti, unapata moshi tu. Wala usiufunge kabisa. Moto uliokosa hewa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana madirisha ya kibanda hayafungwi, na ndiyo maana nakusihi: usiingize jiko la makaa katika chumba unacholala, hata baridi iwe kali namna gani.

Na kuni ziwe kavu. Hapa Kakamega mvua unaijua. Mti uliokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na moto hutumia nguvu zake kuyakausha kabla haujapika chochote. Pasua kuni nyembamba, zipange chini ya paa lisilo na kuta ili upepo upite, uzipe miezi sita au zaidi. Kuni kavu hutumika chache, na sisi tunaokaa karibu na Msitu wa Kakamega tunajua mti una thamani gani.

Mwisho, majivu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, yanatolewa kwa ndoo ya chuma, kamwe si ya plastiki, kwa kuwa kaa la moto hujificha ndani yake. Yakiachwa yanaziba wavu, hewa inakosa njia, na jiko zima linaanza kufuka.

Fungua Biblia yako, Walawi 9:24. Moto juu ya madhabahu ulitoka kwa Bwana mwenyewe. Hakuna mwanadamu aliyeuwasha. Lakini rudi sura ya 6, mstari wa 10 hadi 13, uone kazi ya kuhani: kuongeza kuni kila asubuhi, kuyaondoa majivu, kubadilisha mavazi na kuyapeleka nje ya kambi. Mungu aliyeleta moto hakuja kuzoa majivu. Kazi hiyo alimpa kuhani.

Angalia vizuri, majivu si uchafu uliotoka nje. Ni kitu kilichowaka kweli, lakini jana. Ule ushuhuda wako wa miaka kumi iliyopita ulikuwa moto kweli. Ile huduma uliyoifanya ilikuwa moto kweli. Lakini kama unaishi kwa hayo tu, na juu yake umerundika uchungu kwa sababu hakuna aliyekushukuru, hewa haipiti tena. Unapaza sauti, unafunga na kuomba, unaongeza kuni, na nyumbani kwako wanaona moshi tu. Mke anakohoa. Watoto wanatoka nje.

Mpendwa, usiongeze kuni leo. Toa majivu kwanza. Msamehe yule. Mshukuru Mungu kwa ya jana, kisha umwombe neno la leo.

Na akina baba, Jumamosi saa mbili asubuhi njooni na mashoka tupasue kuni za mkutano. Akina mama wamebeba moshi wetu muda mrefu vya kutosha.

Baba, katika jina la Yesu, nionyeshe majivu yangu, na unipe nguvu ya kuyatoa. Kama umeomba pamoja nami, andika AMINA.

Mbarikiwe.
Mchungaji wenu