Waya Mweusi

Mwaka 2003 gereji yangu ilikuwa uani, nyuma ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo sisi wa zamani bado twaiita Grogan. Nilitengeneza Yamaha DT za mashirika na Suzuki A100 za makarani na wamisheni. Zote za kabureta. Kabureta ukiifungua unaona mambo yake yote: boya, sindano, jeti. Kilichoziba unakipuliza, kilicholegea unakikaza. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo tangu 1979, nilipoanza uanagenzi Mombasa kwa mzee mmoja wa Majengo aliyekuwa akisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku, mpini sikioni.

Basi siku hiyo akaingia mgeni na pikipiki kubwa ya Ulaya, injini ya zaidi ya cc 1,100, silinda moja imechomoza kushoto na nyingine kulia, mafuta yanapigwa kwa nozeli na kusimamiwa na kompyuta. Alikuwa ametoka Cape Town, akapita Zambia na Tanzania, na alikuwa anaelekea Moyale. Lalamiko lake lilikuwa moja: pikipiki haitulii kwenye mwendo mdogo.

Mafundi wenzangu pale uani walisema inamisi. Niliiendesha mwenyewe kwa Barabara ya Mombasa hadi Athi River na kurudi, nikaona hapana. Kumisi ni cheche kupotea, injini ikakata na kushtuka. Hii haikukata. Gia ya tatu, kilomita 60 kwa saa, mkono wa mafuta nimeushika pale pale bila kuusogeza, pikipiki ilivuta, ikaachia, ikavuta, ikaachia, kama mashua iliyotoka nje ya mwamba na kukutana na mawimbi marefu. Nilipofungua mafuta sana, ugonjwa ukapotea. Nilipoyafunga kabisa, ukapotea. Ulikaa hapo katikati tu, mahali ambapo mtu anatembea taratibu nyuma ya lori, na baada ya nusu saa mabega yangu yalikuwa yanauma kwa kupigana nayo.

Nilibadilisha plagi na kichungi cha petroli. Hakuna kilichobadilika. Jioni nikampigia simu mzee wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huko Nairobi kwema?"

Nikamweleza yote. Hakuwa amewahi kuiona pikipiki ya kompyuta maishani mwake, akanyamaza kitambo nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza neno moja: "Ikiwa baridi yafanya hivyo?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kesho yake alfajiri niliiwasha ikiwa imelala usiku kucha nje, nikatoka nayo barabarani kabla magari hayajajaa. Dakika mbili tatu za kwanza ilikwenda kama maji ya mfereji. Halafu, ekzosi ilipopata moto sawasawa, ule mvuto na uachio ukaanza. Nikarudi gereji nikijua kwamba ndani ya chombo kile kuna kitu kinacholala kikiwa baridi na kuamka kikipata joto, na kikiamka ndipo matata yanapoanza.

Mgeni alikuwa na kitabu cha ufundi cha pikipiki yake. Tulikaa juu ya makreti, yeye akinifafanulia maneno, mimi nikifuata michoro ya nyaya kwa kidole. Kitu hicho ni kihisi cha oksijeni, sisi gereji twasema sensa, kimefungwa kama plagi kwenye bomba la ekzosi. Bosch walikifunga kwa mara ya kwanza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976. Ndani yake mna kauri iliyopakwa platinamu, na haifanyi kazi mpaka ifikie joto la nyuzi 300 na kitu. Ikishapata moto inaonja moshi. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, maana yake petroli ni haba, kihisi kinatoa umeme mdogo kama volti 0.1. Petroli ikizidi, kinapanda hadi karibu 0.9. Kompyuta inakaa ikitazama: ikiona chini inaongeza petroli, ikiona juu inapunguza, ikitafuta ule uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kwa sababu hapo ndipo katalisti iliyo ndani ya ekzosi inapoweza kusafisha moshi. Kabla kihisi hakijapata joto kompyuta haikisikilizi. Inakwenda kwa hesabu yake ya kiwandani, tena ikiwa imeongeza petroli kidogo kwa ajili ya baridi. Zile ndizo dakika mbili tatu nilizozifurahia.

Nilikuwa na mita ya umeme niliyoinunua Luthuli Avenue. Kihisi kilikuwa na nyaya nne: mbili nyeupe za kukipasha joto, mmoja wa kijivu wa kurudisha umeme, na mmoja mweusi wa kupeleka habari. Nikaugusa ule mweusi kwa pini, injini ikinguruma. Kihisi kizima kinapanda na kushuka haraka, tarakimu zinachezacheza usiweze kuzisoma. Hiki kilikaa kwenye 0.1, kikakaa, kikakaa, halafu kikaanza kupanda polepole kama mzee anayepanda ngazi. Kilipofika juu kikabaki huko. Nikaelewa papo hapo, na mpaka leo nakumbuka furaha yake. Kompyuta inaambiwa petroli ni haba, inaongeza. Petroli imeshatosha lakini kihisi hakijasema, nayo inazidi kuongeza: pikipiki inavuta. Habari ikifika imeshachelewa. Inapunguza, tena habari inachelewa, inazidi kupunguza: pikipiki inaachia. Haikuwa injini inayoumwa. Ilikuwa ni mpeleka habari aliyechelewa, na bwana mkubwa anayemwamini.

Kwa nini alichelewa? Kitabu kilisema wazi: usitumie petroli yenye risasi. Mgeni akacheka kwa huzuni, maana njia nzima alijaza alichokikuta. Siku hizo petroli yetu nyingi ilikuwa na risasi, hapa Kenya na kwa majirani kadhalika. Risasi inaganda juu ya ile platinamu na kuiziba. Katalisti nayo hufa kwa sumu hiyo hiyo.

Nilikaa kimya niliposikia hivyo, na ningependa niiseme sababu yake bila kuipamba. Kwa miaka 24 nilikuwa nimenawa mikono kwa petroli hiyo kila jioni, kwa sababu hakuna kinachotoa grisi kama hiyo. Nilifyonza kwa mpira na mdomo kila nilipotaka kuhamisha mafuta, nikatema, nikaendelea na kazi. Nilirudi nyumbani na ovaroli ile ile nikambeba mtoto. Na hapa mbele yangu palikuwa na kipande cha kauri kisichozidi kidole gumba, kilichoshindwa kuvumilia miezi michache ya kitu nilichokiogea maisha yangu.

Kihisi kipya hakikupatikana Nairobi wiki ile, na hata kingepatikana kingekufa kabla mgeni hajamaliza safari. Kwa hiyo tuliamua kukiruka. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko maneno yake. Nilikiacha kihisi kwenye ekzosi kikizibe kile kitundu, nikaufuata waya wake hadi kwenye soketi, nikaichomoa. Nilizifunga pande zote mbili kwa tepu maji yasiingie, nikazibana kwenye fremu kwa kamba ya plastiki. Sikukata hata waya mmoja, na nimewakataza vijana wangu wote kukata: waya wa kiwandani ukiukata umemnyima fundi anayekuja nafasi ya kurudisha. Nikatoa hasi ya betri ili kompyuta isahau yale iliyojifunza kwa mpeleka habari mbovu, nikairudisha, nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikakunja mkono wa mafuta hadi mwisho mara mbili ili itambue tena mwanzo na kikomo chake. Tulipotoka barabarani ilikwenda kama ile alfajiri ya kwanza, ila sasa haikubadilika ilipopata joto. Nilimwambia mgeni kwamba itakunywa zaidi, na kwamba akifika kwao afunge kihisi kipya na katalisti mpya, kwa sababu hivi ilivyo inatoa moshi usiosafishwa. Akaandika kwenye daftari lake.

Habari za fundi wa Grogan zikaenea kwa wasafiri. Wakaja wengine, na hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka 2009 aliingia mwingine na pikipiki ya aina hiyo hiyo, inavuta na kuachia vile vile. Sikuuliza kama inafanya ikiwa baridi. Sikuugusa ule waya mweusi kwa mita. Nilichomoa soketi kwa mazoea, ikatulia, nikalipwa. Baada ya wiki tatu alirudi kutoka Maralal. Ilikuwa ikienda kilomita 18 kwa lita, sasa haifikishi 14. Nikafungua plagi: ya kushoto nyeusi tii kama sufuria ya kuni, ya kulia nyeupe kama chokaa. Tazama kosa langu lilivyokuwa. Kihisi kilikuwa kimoja kwa silinda mbili, kinaonja moshi uliokwisha kuchanganyika. Silinda moja ikila sana na nyingine ikifa njaa, kinachoonjwa ni wastani, na kompyuta inahangaika kurekebisha zote mbili kwa dawa moja. Valvu za kulia zilikuwa zimebana, na makoo mawili ya kuvutia hewa hayakufunguka sawa kwa sababu kebo moja ilikuwa imelegea. Kihisi kilikuwa kizima. Kilikuwa kikilalamika, nami nikakiziba mdomo.

Nilipima valvu kwa fila geji, milimita 0.15 za kuingiza na 0.30 za kutoa, injini ikiwa baridi kabisa. Nikaunganisha geji za mvuto kwenye makoo yote mawili nikasawazisha kebo mpaka mishale ikalingana. Nikairudisha soketi ya kihisi mahali pake. Pikipiki ikatulia, na petroli ikarudi kwenye 18. Sikuchukua pesa ya mara ya pili, na ile ya kwanza nikamrudishia.

Tena wakati huo udhuru wa risasi haukuwepo. Mwezi Juni 2001 nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imetoka vituoni. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Nairobi, mtaa wa Gigiri, lilitangaza Agosti 2021 kwamba hakuna tena nchi duniani inayouza petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani, Algeria ikiwa ya mwisho. Nilikuwa gereji nikisikiliza redio. Niliwaambia vijana wazime mashine wasikie. Wao wananawa kwa sabuni ya unga na mchanga mwembamba, na hakuna aliyewahi kuonja petroli mdomoni. Hilo nimelisimamia mwenyewe.

Mzee wangu alifariki 2014. Sasa nami naitwa mzee. Pikipiki ndogo za nozeli zimeanza kuingia, cc 150 na kadhalika, na nyingi zina kihisi kwenye ekzosi. Juzi jioni kijana wangu aliletewa moja inayovuta na kuachia. Nilipomtazama alikuwa ameshapiga goti, mkono kwenye soketi.

"Mzee, hii tuichomoe tu?"

"Ikiwa baridi yafanya hivyo?"

Hakujua, na mwenye pikipiki naye hakujua. Tukaifungia ndani, ipoe mpaka asubuhi.