Kufupisha fimbo ya vitesi

Gazeti letu limekwisha kuandika mengi juu ya kwaya na mupira. Leo muniruhusu niandike juu ya chuma.

Sisi wa Hombo tunajua magari kwa masikio. Usiku gari ikitoka Bukavu, ikipita daraja lenye kutenganisha Kivu ya Kusini na ya Kaskazini na kukamata njia ya Walikale, tunasikia: huyu ametia ya pili, huyu imemkatalia. Kwenye mupando wa matope gari yenye mzigo haingoji mtu. Shofere akichelewa kati ya ya tatu na ya pili, nguvu inapotea, gari inasimama, halafu inaanza kurudi nyuma pamoja na mifuko na watu walio juu yake.

Baba mkubwa wangu ni shofere wa Land Cruiser ya zamani, yenye usukani wa kushoto. Bega lake la kuume liliumia miaka miwili iliyopita, na tangu hapo mkono haunyooki vizuri. Vitesi ya tatu iko mbele. Minervali yangu inatoka ku ile gari, basi bega lake ni jambo langu pia.

Wakati wa likizo alipeleka gari ku garaji moja ya Bukavu, nami nikamfuata. Kijana mmoja mwenye kujifunza kazi akatoa shauri: tukate fimbo, iwe fupi kama ya magari ya mashindano. Hakusema uongo. Datsun 240Z ni gari iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1971 na tena 1973, mara hiyo ya pili mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hata leo wenye kupenda magari ya namna hiyo wanayanunulia seti ya vyuma vya kufupisha mwendo wa fimbo. Mkono unasogea kidogo tu, vitesi imeingia.

Lakini angalieni hesabu. Fimbo ya vitesi ni kama mti wa kuinulia jiwe: inageukia ku tufe la chuma lililo juu ya bwate. Tuseme juu ya tufe kuna sentimetre 40, chini yake 8. Chini ikisogea 3, mkono unasogea 15. Ukikata juu ibaki 30, mkono unasogea 11 na kidogo. Vizuri! Lakini pale uliposukuma kwa kilo 3, sasa ni kilo 4. Ile seti ya kununua mara nyingi inapandisha tufe, ili sehemu ya chini iwe ndefu. Hata hapo unalipa kwa nguvu kile ulichopunguza kwa mwendo. Tena ndani ya bwate kuna pete za shaba zenye kusawazisha mbio za meno mbele hayajashikana. Hizo hazijali fimbo yako ni fupi ao ndefu. Zinataka wakati wao, na ukizilazimisha zinalika.

Fundi mkubwa alikuwa anasikiliza tu. Akasema: «Mtoto, mbele ya kukata juu, angalia chini.» Akafinya kifuniko cha fimbo, akakizungusha, fimbo ikatoka pamoja na resori yake. Ku mwisho wa chini kulikuwa kikofia kidogo cha plastiki, kimelika upande mmoja kama jino lenye kuoza. Njo maana fimbo ilikuwa inacheza-cheza: sehemu ya ule mwendo mrefu ilikuwa ya bure, mkono unasogea na ndani hakuna kitu kinachosogea. Akatia kipya.

Bado bega. Fundi akauliza: «Mzee, unaumia zaidi ukinyoosha mkono, ao ukisukuma?»

Baba mkubwa alinyamaza kwanza. Si mtu wa kusema maumivu yake, zaidi mbele ya watoto. «Kunyoosha navumilia. Kusukuma ndiko kunanitoa machozi.»

«Basi hatukati.»

Akapima nafasi ya fimbo ikiwa ku ya pili, isije ikagonga kiti. Akaitoa tena, sababu moto ungeyeyusha ile plastiki, akaichoma mpaka ikawa nyekundu na kuikunja kama kiwiko kuelekea kwa shofere. Toka tufe mpaka kichwa cha fimbo, ukipima kwa kunyoosha kamba, urefu ulibaki karibu uleule, basi uzito wa kusukuma haukuongezeka. Ila kichwa kimekaribia mkono.

Kijana alisema imekuwa mbaya kwa macho. Ni kweli, imekuwa mbaya. Baba mkubwa alishuka nayo mpaka Hombo na mifuko ya chumvi, na ya tatu iliingia kila mara.

Kile kikofia cha zamani fundi alinipa. Kiko katika mfuko wangu wa kalamu. Mwenye kutaka kukiona anikute darasa la 5 saa ya mapumziko.